Jino Moja la Pinioni: Difu, Mita na Kilomita 80 za Barabara ya Mombasa

Gari likikatikiwa na krauni karibu na Mtito Andei, limekwama takriban katikati ya Nairobi na Mombasa, na kipuri kitatoka upande wowote kitakakopatikana haraka. Mwenye gari hupiga simu Kirinyaga Road, mtaa ambao wazee wa biashara hii bado wanauita Grogan, au huwapigia wauza vipuri wa Mombasa. Difu iliyotumika hupakiwa usiku, na asubuhi fundi yuko chini ya gari. Maswali yanayoulizwa katika simu hiyo huwa mawili: itaingia? Na ni pesa ngapi? Swali la tatu, lenye gharama kubwa kuliko hayo mawili, husahaulika: ina meno mangapi?

Difu ni hatua ya mwisho ambayo mzunguko wa injini hupitia kabla ya kufika kwenye magurudumu. Propela hutoka giaboksi na kuzungusha gia ndogo, pinioni. Pinioni nayo huzungusha gia kubwa, krauni, na krauni ndiyo inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni, upate uwiano. Krauni ya meno 41 kwa pinioni ya meno 10 ni 4.10, maana yake propela itazunguka mara nne na ushei ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Krauni ya meno hayo hayo 41 ikikutana na pinioni ya meno 9, uwiano unapanda hadi 4.556, ikikutana na ya meno 11, unashuka hadi 3.727. Toyota wametengeneza zote tatu kwa miaka mingi. Zikiwa zimefungwa ndani ya chuma chenye grisi na vumbi, hakuna jicho litakalozitofautisha, lakini jino moja la pinioni hapa lina uzito wa asilimia kumi.

Asilimia kumi hiyo inaenda wapi? Sehemu yake inaenda kwenye nguvu ya gari, na hiyo ndiyo kila mtu anaijua. Iliyobaki inaingia kwenye mita, na huko ndiko hasara inakojificha.

Spidomita ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kwa kawaida haina habari na gurudumu. Inasoma mkia wa giaboksi, au wa transfa kwa gari la 4WD, yaani inahesabu mizunguko ya propela na kudhani kwamba mizunguko kadhaa ni kilomita moja. Dhana hiyo iliwekwa kiwandani kwa difu moja na saizi moja ya tairi. Katika magari ya zamani ni gia ndogo inayozungusha kebo, na kebo inazungusha sumaku inayovuta mshale, utaratibu ambao Mjerumani Otto Schulze aliupatia hataza mwaka 1902. Magari ya baadaye yana sensa inayotuma mapigo ya umeme, lakini dhana iliyo nyuma yake haikubadilika.

Basi toa pinioni ya meno 10, weka ya meno 11. Kila mzunguko wa propela sasa unalisukuma gari mbele kwa asilimia kumi zaidi, na mita haijaambiwa. Mshale ukisoma 80, gari liko 88. Mshale ukisoma 50 mbele ya maduka ya Mtito Andei, gari liko 55. Ukiweka ya meno 9 mambo yanageuka: mshale uko 80, gari liko 72. Kanuni ni rahisi na inafaa kuandikwa ukutani gereji: mwendo wa kweli ni mwendo wa mita, mara uwiano wa zamani, gawanya kwa uwiano mpya.

Si kila gari linaathirika hivyo. Magari mengi yanayovuta kwa magurudumu ya mbele yana difu ndani ya giaboksi yenyewe, na mita yake huchukua mzunguko kutoka upande wa krauni, baada ya hesabu ya meno kwisha. Hapo difu ibadilishwe, mita haitajali. Magari mapya zaidi husoma mwendo kutoka sensa za breki za ABS kwenye magurudumu, nayo pia hayajali difu. Yanajali tairi tu. Kwa hiyo tunayoyazungumzia hapa ni ya pikapu, Land Cruiser za watalii wa Tsavo, malori ya mchanga na ya mizigo, na matatu zenye propela. Ukihesabu kinachopita Mtito Andei kwa siku, hilo si kundi dogo.

Kuna jambo jingine linalofanya kosa hili lisionekane. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo watengenezaji wengi wa magari huifuata, inakataza mita kusoma chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu kusoma juu kwa sehemu moja ya kumi ya mwendo na kilomita 4 zaidi. Gari likiwa 80 kamili, mita inaruhusiwa kuonyesha hadi 92. Kwa sababu hiyo kiwanda huacha mita ikizidisha kidogo. Tuseme ilikuwa inasoma 84 gari likiwa 80. Baada ya pinioni ya meno 11 kuingia, itasoma hiyo hiyo 84 gari likiwa 88. Dereva anayelinganisha na simu yake ataona tofauti ya kilomita 4 na kusema mita zote hudanganya. Kweli, lakini ya kwanza ilidanganya kwa usalama wake, na hii inamdanganya kuelekea ajali. Breki zinapaswa kumaliza nguvu ya mwendo inayokua kwa mraba: kati ya 80 na 88, umbali wa kusimama tangu mguu ugonge breki unaongezeka kwa asilimia 21.

Sasa tuje kwenye kidhibiti mwendo, gavana. Tangu kanuni za Waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kuuma Februari 2004, magari ya abiria na ya mizigo yenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048 yanatakiwa yafungwe yasizidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti huchukua habari zake pale pale mita inapochukua: mapigo ya giaboksi. Tena hakina ile akiba ya kiwanda ya kuzidisha, kwa sababu fundi wake hukipima ili kikate kwenye 80 halisi. Kwa hiyo asilimia kumi yote inakiangukia. Gari lenye cheti halali, kidhibiti kizima na dereva mtiifu litakwenda 88 bila mtu yeyote kugusa waya. Kamera ya polisi inapima gari lenyewe, haina habari na propela. Kwa jedwali la makosa madogo ya barabarani la mwaka 2016, kuzidisha kwa kilomita 6 hadi 10 ni faini ya shilingi 500, na kuzidisha kwa 11 hadi 15 ni shilingi 3,000. Tairi kubwa kidogo juu ya difu hiyo hiyo, na dereva ameshahamia safu ya pili bila kujua.

Nitasema wazi kwamba wapo wanaojua na wanaofanya makusudi. Kuchezea kidhibiti kwa waya huacha alama. Difu ya mbio, yaani yenye pinioni ya meno 11, haiachi alama. Anayefanya hivyo ananunua, kwa bei ya difu nzima, kilomita 8 kwa saa ambazo sheria imemkataza.

Upande wa pili una hasara yake. Ukifungiwa difu ya meno 9 na kidhibiti kisipimwe upya, kitakata kwenye 72. Mombasa hadi Nairobi, kilomita kama 480, ni saa sita kwa 80 tupu na saa sita na dakika arobaini kwa 72. Hakuna anayesafiri njia hiyo kwa mwendo mmoja, lakini dereva atalaumiwa kwa uzembe, naye atamlaumu aliyefunga kidhibiti.

Lawama kubwa kuliko zote, hata hivyo, huja kwenye mafuta. Kilomita zinazosomwa kwenye odomita ndizo matajiri wengi wanazotumia kumpima dereva, na njia hii ina historia ndefu ya dizeli inayotoka kwenye tangi kwa mpira na kuingia kwenye mitungi ya kando ya barabara. Chukua lori lililokuwa likitumia lita 160 kutoka Mombasa hadi Nairobi: kilomita 3 kwa lita. Difu yake ikabadilishwa kwa uwiano mrefu zaidi, kwa ile tofauti ya meno 10 na 11. Injini sasa inazunguka polepole, na tuseme matumizi yameshuka kwa asilimia tano hadi lita 152. Kwa kweli lori linatoa karibu kilomita 3.2 kwa lita. Lakini odomita haikuhesabu kilomita 480, imehesabu 436. Tajiri anagawanya 436 kwa 152 na kupata chini ya 2.9. Lori limekula kidogo, na dereva ameonekana mwizi.

Geuza mfano. Difu fupi, ya pinioni ya meno 9, na matumizi yamepanda hadi lita 168. Odomita imehesabu 533. Gawanya: karibu 3.2. Tajiri anafurahi na kumsifu fundi, huku kila safari ikimtoa lita nane zaidi. Ninaamini sifa nyingi ambazo difu fulani zimepewa kuhusu mafuta, na sifa mbaya ambazo nyingine zimepewa, zilizaliwa katika hesabu ya namna hii. Mtu asiniambie difu imepunguza au imeongeza mafuta kabla hajaniambia kilomita zake alizipima na nini.

Oili nayo hufuata odomita. Ukisubiri kilomita 10,000 za mita iliyopunjwa, umeendesha 11,000.

Na nguvu? Hapa fundi ana haki yake, ila si yote anayodai. Uwiano mkubwa huzidisha nguvu ya kuzungusha gurudumu: 4.556 badala ya 4.10 ni asilimia 11 zaidi katika kila gia. Gari linaondoka vizuri likiwa na mzigo, klachi haiungui, na kwenye mchanga wa mito mikavu ya Kitui na Makueni unahisi tofauti mara moja. Gharama yake ni mizunguko ya injini. Land Cruiser yenye tairi za 7.50 R16, ikiwa kwenye gia ya nne isiyozidisha wala kupunguza, kwa 80 halisi huzungusha injini mara 2,230 hivi kwa dakika ikiwa na 4.10. Kwa 4.556 ni karibu 2,480, kwa 3.727 ni karibu 2,030. Kelele, joto na mara nyingi mafuta hufuata namba hizo.

Lakini difu haiongezi nguvu-farasi hata moja. Tuchukue trela la ekseli sita lenye tani 50, uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari la aina hiyo, likipanda mlima wa asilimia 5. Kulivuta kunahitaji nguvu inayokaribia kilonewtoni 28, ukijumlisha mlima na ukinzani wa tairi. Injini ya nguvu-farasi 400, baada ya hasara za njiani, itaweza kulisukuma kwa kilomita 34 hivi kwa saa. Kulipandisha hapo kwa 80 kungehitaji nguvu-farasi zaidi ya 800 tayari kwenye magurudumu. Badilisha difu upendavyo, litapanda kwa 34, kwa sababu giaboksi yake ya gia 12 au 16 tayari ilikuwa na gia inayofaa mwendo huo. Utakachobadilisha ni namba ya gia ambayo dereva ameshika. Anayemuuzia mwenye trela difu ili apande mlima wa Salama kwa kasi anauza maneno. Difu inabadilisha maisha ya gari la gia tano au la gia chache, ambalo kati ya gia ya tatu na ya nne lina pengo ambalo mlima unaangukia katikati yake.

Tena njia yenyewe si mlima kama tunavyoizungumzia. Kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 za Nairobi, kwa kilomita 480, ni wastani wa mita tatu na nusu hivi kwa kila kilomita, mwinuko ambao abiria aliyelala hauhisi. Sehemu kali ni chache: Mazeras ukitoka Mombasa, kisha huko juu kati ya Sultan Hamud na Salama. Kati ya Voi na Kibwezi, ambako Mtito Andei iko, gari linakwenda mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kuchagua difu kwa ajili ya Mazeras ni kulipia dakika chache za mlima kwa saa nyingi za tambarare. Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni hewa: injini ya dizeli isiyo na tabo, kama 1HZ ya Land Cruiser za zamani, hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo inafika Nairobi imepungukiwa na sehemu moja ya sita. Gari lililoonekana hodari Mombasa huonekana chovu Athi River, na difu husingiziwa.

Kuteremka huzungumzwa kidogo mno. Injini inapozuia gari mteremkoni, zuio lake nalo huzidishwa na uwiano wa difu. Ukifunga difu ndefu umepunguza kwa asilimia tisa breki ya injini katika kila gia, na breki za miguu zinabeba kilichobaki. Dereva aliyezoea kushuka Mazeras na gia ya nne atakuta haitoshi tena. Itabidi ashuke na ya tatu, mapema, kabla breki hazijapata moto.

Malori yaliyotoka Uingereza yakiwa yametumika yana hadithi yao. Huko yalifungiwa karibu kilomita 90 kwa saa, na difu zake zilichaguliwa ili injini iwe kwenye utulivu wake hapo. Kenya yanafungiwa 80. Kwenye gia ya mwisho injini inashuka chini ya sehemu yake nzuri ikiwa na mzigo, dereva anarudi gia moja nyuma, na gia ya mwisho inabaki pambo. Kwa lori kama hilo difu fupi kidogo ni hoja nzito kuliko majigambo yote ya milima: mwendo halali haupungui hata kidogo, kwa sababu 80 ni 80. Hukumu yangu kwa njia hii ndiyo hiyo. Tafuta mwendo ambao injini inapenda, tazama saizi ya tairi, kisha chagua difu itakayoviweka viwili hivyo kwenye 80. Difu ndefu kuliko hapo haina kazi halali kwa gari la biashara.

Tairi zinaweza kukuharibia hesabu au kukutengenezea. Land Cruiser ya Tsavo iliyotoka kwenye 265/70 R16 na kuvaa 285/75 R16 imeongezewa kipenyo kwa asilimia 7: mita inasoma 80, gari liko karibu 86, na gia zote zimekuwa nzito. Ndani ya hifadhi, ambako mwendo ni kilomita 40, mwenye mita hiyo anaendesha 43. Hapa difu ya 4.556 badala ya 4.10 inarudisha nguvu iliyopotea na kuifanya mita isome juu kwa asilimia tatu au nne tu, jinsi kiwanda kinavyopenda. Ni moja ya nafasi chache ambapo kubadilisha difu kunatengeneza mita. Sharti ni moja na halina mjadala: difu ya mbele na ya nyuma ziwe na meno sawa. Anayebadilisha ya nyuma peke yake hataona kitu kwenye lami. Siku atakapofunga 4WD mtoni, ekseli mbili zitavutana kupitia transfa, na kitakachokatika kitakuwa ghali kuliko difu aliyoiacha.

Na pinioni yenye meno machache huwa ndogo, kwa hiyo mara nyingi huwa dhaifu. Nguvu unayoipata inapita kwenye chuma chembamba zaidi.

Kujua ulichofungiwa hakuhitaji mashine. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma juu ya vigingi imara, weka giaboksi fri, chora chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha magurudumu yote mawili pamoja mara kumi huku mwenzako akihesabu propela. Akipata 41, ni 4.10, akipata 37 na kidogo, ni 3.727, 45 na nusu, ni 4.556. Ukiinua gurudumu moja tu, lizungushe mara ishirini badala ya kumi, kwa sababu difu inagawa mzunguko. Barabarani tumia simu yenye GPS, au saa: kilomita moja kwa sekunde 45 ni 80 halisi. Marekebisho nayo ni madogo. Gari la kebo hubadilishiwa gia ya mita. La sensa huwekewa kifaa cha kurekebisha mapigo au hupimwa upya kwa kompyuta. Kidhibiti hurudishwa kwa aliyekifunga.

Ulaya jambo hili limekwisha kuwekwa kwenye sheria. Kila lori lenye takografu, kifaa kinachorekodi mwendo wake, lina kibandiko kinachotaja mapigo kwa kilomita na mzingo wa tairi, na kubadilisha kimojawapo kunalazimisha kipimo kipya. Malori mengi yaliyotumika huingia Mombasa kibandiko hicho kikiwa bado mlangoni. NTSA, mamlaka ya Kenya ya usafiri na usalama barabarani, haihitaji kubuni chochote: cheti cha kidhibiti mwendo kiandikwe uwiano wa difu na saizi ya tairi, na mkaguzi avilinganishe na gari lililo mbele yake. Kabla hilo halijatokea, muuza difu wa Grogan au wa Mombasa aandike idadi ya meno kwenye risiti, na mnunuzi asilipe mpaka ayaone yameandikwa.